Usikate Kwanza

Usiku wa tarehe kumi na tisa Julai
mbwa alikataa kutoka zizini.
Nilisikia ukimya ukikaza kama kamba ya ng'ombe,
nikavuta blanketi la pili, nikalala.
Hilo ni kosa la kwanza.

Asubuhi Olkokola ilikuwa nyeupe.
Sakitu juu ya nyasi, juu ya ndoo, juu ya tandiko la punda,
na Meru imesimama kule juu, imejipangusa mawingu,
kana kwamba haikuona kitu.
Jua lilipotoka, majani ya parachichi yakalegea;
kufika saa sita yalikuwa meusi
kama mboga iliyosahauliwa jikoni.
Baridi huunguza: nilikuwa nasema tu, kama watu wote.
Siku ile nilinusa.

Miche arobaini na miwili, ya kubebeshwa.
Mkopo wa kikoba, na riba yake
naijua kuliko umri wa wanangu.

Nikachukua panga.
Wa kwanza niliukata magotini. Wa pili. Wa tatu.
Ilikuwa raha, nisiwadanganye;
mtu aliyeonewa hutafuta wa kumwonea.

Nasinyari aliniona kutoka ng'ambo ya korongo,
akashuka, akapanda, na mimba yake ya miezi saba,
akafika akihema: "Nani kakwambia imekufa?"
Akaukwaruza wa nne kwa ukucha wa kidole gumba.
Kahawia.
Akashuka shubiri. Kahawia.
Shubiri nyingine, na chini ya gome
kijani, kibichi, kinang'aa
kama ndani ya ganda la njegere.
"Usikate kwanza. Mti wenyewe ndio unaojua umeishia wapi.
Uache useme."

Basi nikaanza kazi ya kutofanya,
na sijawahi kuchoka vile.
Sikukata. Sikutia mbolea,
maana mgonjwa aliyezinduka jana hapewi pilau.
Maji kidogo, asubuhi tu.
Matawi yaliyobaki uchi nikayapaka chokaa
jua lisije likamalizia kazi ya baridi.
Watoto wakienda shule wakacheka:
"Baba Lemburis kaivisha miti yake soksi!"

Mweka hazina wa kikoba alikuja Jumatano mbili.
Asiniambie mtu mvumilivu hula mbivu;
mbivu mwaka huu hakuna, na riba haijui methali.
Nikauza mbuzi. Kisha yule mwingine, mwenye doa jeupe,
aliyenifuata mwenyewe, bila kamba, hadi mnadani.

Agosti ikapita na vumbi lake.
Septemba, tarehe sikuandika,
nilikuwa natafuta nyundo, si muujiza,
nikaona kwenye mti wa kumi na moja
kitu chekunduchekundu, kidogo kama ulimi wa paka.
Nikapiga magoti. Kimetokea juu ya kiungo, au chini?
Chini ni pori linarudi, halitazaa ulichonunua.
Juu.
Upana wa kidole kimoja juu ya kovu la kubebeshea.

Ndipo nikakata. Kwa msumeno,
pale mti uliponionyesha,
kwa mshazari, maji yasituame.

Ishirini na saba imerudi.
Kumi na miwili haikurudi; nimeing'oa, hatudaiani.
Lakini vile visiki vitatu vya panga langu
vipo bado.
Kimoja kimechipua pori, chini kabisa,
majani mapana yasiyo na haya.
Nilichokitupa juu yake, kingeamka?
Hilo si la baridi. Hilo ni langu.

Juzi, Julai nyingine, mbwa alikataa tena kutoka.
Sikulala.
Magunia, mashuka, kanga mbili za mama Lemburis
(nitayasikia kesho),
nikafunika mmoja mmoja gizani kwa kupapasa.
Ng'ambo ya korongo taa ya Nasinyari ilikuwa inatembea,
inainama, inatembea,
na kilio cha mtoto mgongoni kikija na kukatika.
Hatukuitana.
Mti wa mwisho ulikosa gunia.
Nikavua koti.